Mtumbwi wa Baba Umegeuzwa

Buzebazeba, Ujiji
Jumapili, Oktoba 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Mimi mwili ni mzima, na ombi langu la kwanza ni kwamba barua hii ikukute umekaa kitako, lile goti la kushoto limepoa na kikohozi cha asubuhi kimekwenda zake. Mjomba Nikodemu, shikamoo na wewe, maana najua ndiwe unayeisoma kwa sauti, miwani imeshukia puani. Nakuomba kwa heshima, Mjomba, soma kila neno. Usiruke mahali ukadhani unampunguzia Mama maumivu. Nawasalimu majirani wote wa Kalinzi pamoja na kahawa yenu, ambayo Veneranda ananiambia mwaka huu imezaa mpaka matawi yanainama. Ni huyo huyo Veneranda aliyekuletea barua hii kwenye tenga lake, baada ya ndizi zake kwisha pale sokoni Mwanga.

Cherehani yangu bado inazunguka. Msimu huu nimeshona sare za kwaya nzima ya Parokia, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba kola inamkaba. Kwa mtu anayewajua wanakwaya wetu, hiyo ni sifa kubwa.

Sasa Mama, nalisema lililonifanya nishike kalamu. Nataka ushuke Ujiji umwone Armelle kwa macho yako. Nilipokuja kukuambia kwamba nimempata mwenzangu, na kwamba ni mkimbizi kutoka Rumonge, hukugomba. Ungegomba ningejua la kujibu. Ulipepeta mchele wako mpaka ukaisha, kisha ukasema huna neno na Warundi, lakini mtu asiye na mtu nyuma yake utazungumza na nani? Nani atapokea mahari, nani atakaa na ndugu zetu wanywe pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, na siku akiondoka utakwenda kumwulizia wapi? Ukasema humkatai, ila humpokei. Tangu siku ile hujakanyaga kwangu. Armelle nami tunaishi kama mke na mume mbele ya majirani, lakini katekista ametuambia wazi kwamba hatufungishi ndoa mpaka asimame mzazi, hata mmoja tu. Wa kwake wamekwisha wote. Umebaki wewe.

Neno la pili ni zito kuliko hilo, na Mjomba asilimeze. Mtumbwi wa baba umegeuzwa.

Najua kwamba nyumbani kwetu hatuutaji. Tangu ziwa liliporudisha mtumbwi likabaki na baba, uliulaza kifudifudi nyuma ya jiko, ukawapa kuku, ukanipeleka kujifunza ushonaji, kisha ukapanda mlimani mahali ambapo maji hayaonekani. Mimi nilikutii bila shida, kwa sababu hata mimi naliogopa lile ziwa. Wenzangu wakienda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, kununua migebuka, mimi nasubiri wailete mpaka Mwanga, nainunua imekwisha kufa mara mbili. Kwa hiyo usinilaumu mimi. Mkono wangu haukuugusa ule mtumbwi mpaka nilipoamriwa, na aliyeniamuru ni Armelle.

Ilikuwa mara tu baada ya mimi kurudi kutoka kwako na jibu lako. Nilidhani atalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ulikuwa umeshiba uliposema hayo, nikasema ndiyo, akasema basi ulimaanisha. Kisha akatoka uani, akawafukuza kuku, akaanza kuugonga mtumbwi kwa mwiko, ubao mmoja baada ya mwingine, sikio limelala juu ya mbao kama mganga anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanijibu maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Mabukwe anasema sina mtu nyuma yangu. Ni kweli, watu wangu wamekwisha. Lakini kazi ya data ninayo. Acha niutengeneze huu mtumbwi, siku akija akae na kazi ya data kama ambavyo angekaa na data mwenyewe."

Mabukwe, yaani mama mkwe, ndiwe wewe, Mama. Hivyo ndivyo anavyokuita, hata wakati ambao hupo kumsikia. Na data, yaani baba yake, Ntakarutimana, alikuwa fundi wa mitumbwi pale Rumonge, kabla ya ile vurugu iliyowamaliza.

Usidhani basi kwamba nimeoa fundi. Armelle hajawahi kushika patasi maishani mwake. Baba yake hakuruhusu mtoto wa kike aguse vyombo vya kazi. Kwa hiyo alikuwa anakaa upande wa pili wa ua wa matete, anasuka mikeka, anasikiliza. Amekua anausikia ufundi, hajauona. Anajua ubao mzima unavyolia na uliooza unavyonuna. Anajua msumeno unavyobadilisha sauti ukikaribia kukata kombo. Lakini msumeno wenyewe, Mama, ulipoletwa kwa mara ya kwanza, aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo, na mimi niliyekuja kucheka nikajikuta namwonyesha, mimi ambaye nimezoea mkasi.

Tuliazima vyombo kwa Mzee Hamdani, balozi wetu, ambaye zamani alikuwa seremala wa vitanda. Alitupa msumeno, randa, nyundo na patasi mbili, akasema tukimaliza kuharibu tumrudishie vipini. Ndivyo alivyo yule mzee, maneno machungu na mkono mwepesi. Kila jioni alikuwa anapita akielekea msikitini, anasimama mlangoni, anatikisa kichwa, anaenda. Baadaye akawa anapita mapema zaidi, anaingia kabisa, anatikisa kichwa akiwa amekaa.

Armelle alikwangua mbao zote kwa vipande vya chupa, akatoa kinyesi cha kuku, rangi kuukuu na kovu la moshi wa karabai. Mbavu nyingi za mtumbwi zilikuwa nzima. Baba alichagua mti mzuri, hilo kila mtu alilisema. Ila ubao mmoja wa juu, upande ule aliokuwa anakaa kushika kasia, ulikuwa umeliwa na mchwa kabisa, ukiugusa unamwagika. Tukatafuta mninga mkavu wa urefu ule, hatukupata. Ndipo Armelle alipoingia chumbani akaanza kukiangalia kile kitanda ulichoniachia. Mama, nisamehe, au umsamehe yeye, au umsamehe Mzee Hamdani ambaye ndiye aliyekichonga na ndiye aliyekibomoa. Ubavu wa kitanda chako sasa uko pale baba alipokuwa akikaa. Mimi nalala kwenye mkeka. Nilipotaka kunung'unika, Armelle alisema kitanda hicho kimekaa bila wenyewe tangu ulipoondoka, sasa kimepata kazi karibu na baba. Nikaenda kutafuta mkeka mwingine wa kuongezea chini.

Kisha ikaja kalafati, yaani kuziba nafasi za kati ya ubao na ubao kwa pamba. Hapa nilijiona nimefika kwangu, maana pamba na mishono ndiyo maisha yangu. Nilileta pamba ya mito kutoka kazini, na siku Armelle alipokwenda sokoni nikaamua nimfurahishe. Nilichukua nyundo na patasi butu, nikashindilia pamba katika kila nafasi kwa nguvu zangu zote, mpaka ikawa ngumu, haiingii hata ncha ya sindano. Kwenye nguo, Mama, mshono usio na mwanya ndio mshono. Nikasimama na jasho langu, najisifu.

Armelle aliporudi aliweka kikapu chini, akagonga mahali pamoja, akasikiliza. Akagonga pengine. Akakaa chini kabisa kwenye vumbi, akafunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanatikisika. Nilijua analia. Kumbe anacheka. Alinieleza kwamba ule mti ulikuwa mkavu kwa miaka yote hiyo ya jua, na ukiingia majini utakunywa na kuvimba. Ukikuta nafasi zimeshindiliwa vile, mbao zitasukumana mpaka zipasuke, na mtumbwi wote utafunguka katikati ya ziwa. Aliposema hivyo na mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Tuliitoa pamba yote, uzi kwa uzi, tukaanza upya, yeye akisikiliza, mimi nikigonga. Akisema bado ina njaa, naongeza. Akisema imeshiba, naacha. Sikuwahi kufanya kazi tamu kama ile, nikiwa na mtu ananisikiliza namna ile.

Lakini usimwone hakosei. Pamba hupakwa mawese ili maji yasiipite, na yeye alijua hilo, ila chungu hakina sauti, na yeye alijifunza kwa masikio. Akapaka mawese mabichi, mazuri, mekundu, yale ya kulia muhogo. Asubuhi tukakuta panya wa Buzebazeba nzima wamefanya karamu, pamba imevutwa nje, imetapakaa uani kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa. Yasmini, mke wa Mzee Hamdani, alisema hajapata kuona mtumbwi uliokolea mafuta kiasi kile, ungepikwa tu. Armelle aliona haya siku nzima. Kesho yake akakumbuka kwamba nguo za baba yake zilikuwa zinanuka uchungu fulani zikifuliwa, akawa ananusa kila mti uliokuwa jirani, watu wakamtazama, mpaka akafika kwenye mwarobaini wa Skolastika wa Jumuiya yetu ya Parokia. Tukachemsha mawese pamoja na majani yake. Panya hawakurudi tena.

Wanaume wa mtaa waliubeba mpaka mwaloni wakiimba, na mimi nilikuwa katikati yao, nimefumba macho kuanzia pale njia inapoanza kuteremka. Wavuvi walitaka kujua ni nani fundi. Walipoonyeshwa mwanamke mwembamba aliyefunga kitambaa cha kijani, walitazamana kwa namna ambayo haikuwa ya heshima. Naye bila kujali akawaambia wausogeze pale maji yanapofika magotini, kisha akaanza kuupakia mawe. Aliujaza mawe makubwa mpaka ukingo ukaingia chini, maji yakamiminika ndani, na mtumbwi wa baba ukazama, Mama, mbele ya watu wote, ukalala chini kwenye mchanga. Armelle akafuta mikono, akasema twende nyumbani.

Habari zilitutangulia. Tulipofika tulikuta Yasmini amekwisha kuleta sufuria la uji, na akina mama wa Jumuiya wametandika mikeka uani, wameketi kimya kama kwenye msiba. Kila aliyeingia alitupa pole. Skolastika aliongoza sala, akamwomba Mungu atupe moyo wa kukubali hasara. Armelle alikuwa amenieleza njiani maana ya yale mawe, nami nilikuwa tayari kuwaambia ukweli, lakini Armelle alinibana mkono. Alipokea pole zote kwa mikono miwili, akawapikia ugali wa muhogo na migebuka, wakala wakashiba. Walipokuwa wanaosha mikono ndipo akawaeleza kwa upole kwamba mtumbwi uliokaa nchi kavu lazima ulazwe majini kwanza, unywe hadi mbao zivimbe na kushikana, ndipo uinuliwe uelee. Kisha Mzee Hamdani akauliza kama anaweza kurudishiwa pole yake. Tulicheka mpaka Skolastika akalazimika kuegemea ukuta.

Ulipofika wakati, mtumbwi uliinuliwa. Niliingia majini mimi mwenyewe, mwanao, nikawa natoa jiwe moja moja pamoja na wale wavuvi, nikakumba maji kwa kopo. Ulipokuwa mtupu, Mzee Hamdani aliniambia niingie ndani nikae, kwani mwenye mtumbwi ndiye anayeujaribu. Nilikaa pale kwenye ubavu wa kitanda chako. Wakausukuma. Nilipopata ujasiri wa kufumbua macho, nilitazama chini kwanza, na sakafu ilikuwa kavu, Mama. Ilikuwa kavu kabisa. Nililia kwa sauti, na wavuvi wakadhani ni woga.

Nadhani Mjomba, ambaye ni msomaji makini, amekwisha kuona kwamba katika kuinua mtumbwi sikumtaja Armelle. Hakuwepo. Nimekuandikia kurasa zote hizi kama vile yuko hapa jikoni, kwa sababu nilitaka umjue kwanza kama ninavyomjua mimi. Sasa nakuambia yaliyotokea.

Mtumbwi ukiwa bado majini, lilitoka tangazo kwamba wakimbizi wote wanaokaa mitaani waende kambini. Mlimani huko mtakuwa mmelisikia. Mimi nilikuwa Mwanga kazini lori lilipofika kwetu. Mzee Hamdani, kwa kuwa ni balozi, alikuwa pamoja na maofisa waliokuja nalo, na ndiye aliyenisimulia. Anasema watu wale walikuwa na adabu. Walimwuliza Armelle yeye ni nani, akasema ni mke wa Alphonce. Wakamwuliza ni mzazi gani wa upande wa mume aliyempokea, kwa sababu aliyepokelewa na ukoo wanamwacha, na neno la mtu mzima wa nyumba linatosha. Mzee Hamdani akamvuta kando akamwambia kwa sauti ya chini aseme mama mkwe amempokea, naye atathibitisha hapo hapo, na jambo limekwisha. Mama, mzee yule wa swala tano alikuwa tayari kusema uongo kwa ajili yake. Lilikuwa neno moja tu.

Armelle alirudi mbele yao akasema: "Mabukwe hajanipokea bado. Ninamngoja. Siwezi kumsemea neno ambalo yeye mwenyewe hajalisema."

Kisha akaomba ruhusa anawe mikono, maana alikuwa amepika mawese, akachukua kanga na blanketi, akapanda lori. Mzee Hamdani anasema alimwagiza mambo mawili aniambie: kwamba mtumbwi usiachwe majini ukashiba kupita kiasi, na kwamba nikiupima kwa sikio nisiwe na haraka. Sikukuta ujumbe mwingine.

Nimekwenda kambini kumwona. Yuko salama, amepangwa kwenye hema moja na wanawake wengine wa Rumonge, na amekwisha kuwachekesha wote kwa kisa cha panya. Aliniuliza kuhusu mtumbwi kabla hajaniuliza habari za chakula changu. Nilipomwambia sakafu ilikuwa kavu alifumba macho. Nilimkasirikia, Mama, nakuambia ukweli. Nilimwuliza kwa nini hakusema lile neno. Akasema siku utakapompokea anataka iwe mara ya kwanza. Sijui wewe ulikuwa unatafuta mtu wa namna gani kwa mwanao. Mimi sijapata kuona mwingine kama huyu, kwenye ukoo wetu wala nje yake, na sisemi hivyo kwa sababu nampenda. Nampenda kwa sababu ndivyo alivyo.

Mzee Hamdani ameuliza ofisini. Wamemjibu kwamba ukija wewe mwenyewe ukasema mbele yao kuwa Armelle ni mkwe wako, atarudishwa nyumbani. Sikuombi useme lisilokuwemo moyoni mwako, kwa sababu yeye mwenyewe alilikataa hilo. Nakuomba ushuke, uende mwaloni, uuguse ule mtumbwi, ukae nao kadiri utakavyo. Kisha useme lolote lililo la kweli. Veneranda anashuka tena Jumatano, na amekubali kutembea polepole kwa ajili ya goti lako.

Usiposhuka, sitakulaumu, ila nakupa taarifa ili usije ukaisikia njiani. Nitafunga cherehani, nimpe Mzee Hamdani ufunguo wa nyumba, niende kambini niandikishwe. Kiha chetu na Kirundi chao vinafanana kiasi kwamba hakuna karani atakayenishtukia. Wataniuliza natoka wapi, nitasema Rumonge. Wakiniuliza baba yangu ni nani, sitaweza kumtaja Telesphory, maana kila mvuvi wa mwambao huu anajua alikuwa Muha wa Ujiji. Nitasema ni Ntakarutimana, fundi wa mitumbwi. Armelle atakuwa na mtu nyuma yake, hata kama ni mmoja.

Nisalimie shangazi na watoto wote. Mpe Mjomba maji ya kunywa, amesoma vingi. Goti lichuliwe kwa mawese ya moto, na usifue nguo kwenye baridi ya asubuhi. Nakutakia baraka na amani ya Bwana.

Ni mimi mwanao, ambaye mpaka Jumatano bado ni

Alphonce Telesphory